Ijue polima kabla ya kumwambia mgonjwa asikate kidonge

Ninyi mnaotoka chuoni na kuanza kazi kwenye kemisti, iwe hapa Kisumu, Kakamega au Nakuru, mtaulizwa mapema: "Daktari, hiki naweza kukikata katikati?" Anayeuliza mara nyingi ni mtu wa sukari au presha. Kidonge kinamkwama kooni, au anataka pakiti imfikishe mwisho wa mwezi. Ukimjibu "usikate" tu, ataitikia kwa heshima, kisha akifika nyumbani atatafuta wembe. Nawaomba msikariri katazo hilo. Jifunzeni kidonge kimejengwaje, kwa sababu jibu limo humo.

Chukueni metformini, dawa ya sukari, ya aina inayotoa dawa polepole. Vingi vya vidonge hivi hushikiliwa na haipromelosi, polima (yaani kitu chenye molekuli ndefu kama minyororo) inayotengenezwa kutokana na selulosi ya mimea. Ikipata maji huvimba na kuwa ute mzito unaokizunguka kidonge. Maji yanaendelea kupenya kwenda ndani, dawa iliyoyeyuka inapita kwenye ute kuja nje, na ute wa juu kabisa unamomonyoka kidogo kidogo. Dawa inayoyeyuka upesi hutoka hasa kwa kupita kwenye ute; isiyoyeyuka kwa urahisi hungoja ute umomonyoke. Anayetaka kupunguza kasi huongeza polima, au huchagua ile yenye minyororo mirefu, maana ute wake ni mzito zaidi. Metformini inayeyuka mno, kwa hiyo kuizuia kunadai polima nyingi. Ndiyo maana kidonge cha miligramu 500 cha aina hii huwa kikubwa kuliko cha kawaida chenye kipimo kile kile.

Msitosheke na maandishi. Tieni kimoja kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, na cha kawaida kwenye glasi nyingine. Cha kawaida kitasambaratika. Kile kingine, baada ya saa moja hivi, kitoeni mkipasue: nje kinateleza kama mrenda, ndani bado ni kikavu, unga umeshikana vilevile. Anayekikata kabla ya kumeza anafungua uso mpya, na ingawa ute utajijenga tena hapo, dawa itatoka haraka kuliko ilivyopangwa. Anayekisaga anaweza kuiachilia kwa muda mfupi dozi iliyokusudiwa kutosha siku nzima.

Lakini si vyote viko hivyo. Kuna nifedipini, dawa ya presha, ya saa 24 iliyojengwa kama pampu: ganda la asetati ya selulosi lenye tundu dogo lililotobolewa kwa leza, na ndani polima inayovimba na kuisukuma dawa nje. Hiyo haikatwi kamwe. Ikisagwa, presha inaweza kushuka ghafla na kumweka mgonjwa hatarini. Kuna pia metoprololi suksineti, nayo dawa ya presha, iliyotengenezwa kwa chembe nyingi ndogo, kila moja na utando wake. Hiyo, ikiwa ina mfuo wa kukatia, hukatwa hapo, ila haitafunwi. Herufi XR, SR au CR kwenye pakiti, zinazoonyesha kuwa dawa hutoka polepole, hazikuambii ni ipi kati ya hizi. Karatasi iliyomo ndani ya pakiti ndiyo itakayokuambia, nayo isomwe kwa kila kampuni, hata dawa ikiwa ni ile ile.

Kuna jambo ninaloliona zito kuliko la wembe, na husahaulika sana. Mgonjwa huona kidonge chooni, akadhani dawa haifanyi kazi, akaiacha. Mwambieni mapema, siku ile ile mnapompa: "Mama, ukiona kitu kama kidonge chooni usishtuke. Hilo ni ganda tu, dawa yenyewe imeshabaki mwilini." Mwambieni pia ainywe na chakula cha jioni. Metformini hufyonzwa zaidi sehemu ya juu ya utumbo mwembamba, na chakula hukichelewesha kidonge huko juu.

Ulizeni habari ya pombe, kwa upole na faraghani. Mwaka 2005 Palladone, kapsuli za haidromofoni (dawa kali ya maumivu) za saa 24, ziliondolewa sokoni Marekani kwa sababu pombe iliweza kuifanya dawa itoke nyingi kwa mkupuo. Si kila polima huharibiwa na pombe hivyo, ila anayekunywa busaa au chang'aa anastahili kuulizwa kabla hajapewa dawa.

Na yule ambaye kweli hawezi kumeza? Mpigieni simu aliyeandika dawa, mwombe ambadilishie apewe metformini ya kawaida, dozi igawanywe asubuhi na jioni. Mara nyingi hata bei yake huwa nafuu.