Mfinyanzi hulia gaeni, na mimi nimelia kweli

SWALI: Shikamoo mama. Mi ni mwalimu huku Morogoro, ufinyanzi nafanya wikendi tu kujifurahisha. Juzi nimechoma vyungu 6 nyuma ya nyumba, nikavipanga, nikajaza kuni juu, nikawasha, dakika 10 hazijaisha nasikia pu! pu! kama bisi, kimepona kimoja na chenyewe kina ufa. Na vilikaa kivulini wiki nzima vikawa vikavu kabisa! Rafiki yangu ananiambia ninunue tanuri la umeme niachane na kuni. Unasemaje?

JIBU: Marahaba mwalimu, pole sana. Hiyo pu pu naijua, mara yangu ya kwanza nilichoma 9 vikapona 2, ilikuwa masika, na jirani alitoka nje akidhani transfoma imepasuka.

Kikavu kwa macho sio kikavu. Udongo unakuwa umeshabadilika rangi, umekuwa mweupe, kumbe ndani bado kuna maji, na yakifika nyuzi 100 yanakuwa mvuke, mvuke ukikosa pa kutokea unabomoa ukuta wa chungu. We ulipojaza kuni na kuwasha kwa mpigo umeyachemsha maji yote kwa pamoja, hapo chungu kifanyeje? Kipimo changu ni shavu, kiweke chungu shavuni, ukisikia ubaridi bado kibichi, kirudishe juani. Halafu siku ya kuchoma nawasha kamoto kadogo, vyungu navizungusha pembeni midomo ikiangalia moto, nakaa navigeuzageuza masaa mawili hivi mpaka havishikiki kwa mkono mtupu, ndo sasa navipanga na kujaza kuni, magome na nyasi. Hayo masaa mawili yanachosha, najua, ila niliporuka hatua hiyo nikakimbilia harusi nilirudi nikakuta changarawe.

Na vigae usitupe. Okota kimoja kiloweke kwenye ndoo usiku kucha, asubuhi kikiwa tope ujue moto wako haukufika hata nyuzi 600, hakikuiva. Vinavyobaki vigumu viponde, chekecha, changanya sehemu 1 kwa 4 za udongo mbichi. Chembe hizo zinaupa udongo upenyo wa kutolea mvuke na unavumilia moto wa ghafla. Wahenga waliposema mfinyanzi hulia gaeni walikuwa wanazungumzia kula, mi naona hata chungu chenyewe kinakula gae.

Tanuri la umeme sasa. Nimechomea kwa rafiki yangu mara kadhaa, ni zuri, sikatai, vinatoka vyote rangi moja kama matofali, na mimi hilo ndo lilinichosha. Kama unataka kupaka glezi ile ya kung'aa utalihitaji, maana inataka zaidi ya nyuzi 1000 na joto liwe sawa pande zote. Ila jua lile dogo la kuchomeka kwenye soketi ya kawaida ya 13A mwisho wake kilowati 3 hivi, nafasi ndani kama ya ndoo, makubwa yanataka laini yake peke yake, na LUKU utaisikia. Halafu chungu kibichi kinapasuka hata humo, tofauti ni kwamba vigae vinaangukia kwenye koili ulizolipia. Wamama wa Kikisi kule Ikombe, Ziwa Nyasa, vyungu vyao maarufu vinachomwa moto wa wazi bila tanuri lolote. Jifunze kwanza kuni mwalimu.

SWALI: Assalaam aleikum bibi. Niko Mombasa, nafinyanga vyetezo. Vingine vinatoka vyekundu, vingine na madoa meusi. Mi nataka vyote viwe vyeusi tii, nipake rangi gani?

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Usipake kitu, weusi ni moshi. Udongo wetu una chuma, ukichomwa kwenye hewa ya kutosha unakuwa mwekundu, ukinyimwa hewa moshi unaingia kwenye vitundu na chungu kinakuwa cheusi. Madoa yako ni pale kuni zilipolalia. Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, yule ambaye mitungi yake iko kwenye makumbusho makubwa duniani, anatumia jambo hilohilo: akichoma mara ya kwanza kwa hewa inatoka rangi ya chungwa, akirudia kwa kuinyima hewa inakuwa nyeusi. Hapaki glezi, ni kusugua tu.

Mi natumia maranda, yale laini ya msumeno, fundi seremala ananipa bure (usichukue ya mbao zilizopakwa dawa au rangi, moshi wake sumu). Napanga matofali bila udongo katikati, naweka tabaka la maranda, vyungu ambavyo nimeshavichoma mara moja, tabaka tena mpaka juu, nawasha kwa juu, yakishika nafunika bati. Yanaungua polepole usiku kucha bila mwali. Asubuhi usifunue, ngoja vipoe kabisa! Nimefunua mapema mara mbili na mara mbili nimesikia ting, ufa. Vyetezo visugue kwa kijiwe laini kabla havijakauka kabisa, vitang'aa. Na angalia udongo wa pwani, kipande cha kombe kikibaki ndani kinageuka chokaa, baada ya siku chache kinavuta unyevu na kubandua ganda la chungu.

SWALI: Mama, bakuli langu la raku linavuja mchuzi. Nimeuziwa bovu?

JIBU: Hapana mpenzi, hujaibiwa, raku ni namna ya kuchoma, sio ya mchuzi. Chombo kinatolewa tanurini kikiwa chekundu kama kaa kwa koleo ndefu, kwenye nyuzi kama 1000, ule mshtuko unachanachana glezi ndo mistari unayoipenda. Asili yake ni vikombe vya chai vya Kyoto, Japani, karne ya 16, ila hili la kukitumbukiza kwenye maranda lilienezwa na Mmarekani Paul Soldner miaka ya 1960. Nimejaribu kwa pipa na mtungi wa gesi, mtungi ukaota barafu kwa nje katikati ya kazi na moto ukalegea, nikaambulia kikombe kimoja cha rangi ya shaba nzuri ajabu, na ndani ya mwaka rangi ikafifia. Weka maua makavu humo.

Chungu kilichochomwa kwa kuni ndo kinazibika: pika uji mwepesi ndani yake, moto mdogo, uache ulale humo, wanga unaziba vitundu. Na usikioshe kwa sabuni, kinainywa, kesho yake utakunywa chai yenye povu.