Je, George Mikan alibebwa na kimo chake tu?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi na wenzangu tumebishana sana kuhusu George Mikan, mchezaji wa mpira wa kikapu wa timu ya Minneapolis Lakers ya Marekani. Wao wanashikilia kwamba alitamba kwa sababu alikuwa mrefu miongoni mwa wafupi, na kwamba hakuwa na ufundi wowote. Je, wanasema kweli? Na alipoacha kucheza aliishije?

JIBU: Wenzako wamesema kweli nusu. Mikan alikuwa na kimo cha mita 2.08, na wapinzani wake wengi walikuwa wafupi kuliko yeye. Hata hivyo, hakuwa mrefu peke yake: Bob Kurland, aliyechezea chuo cha Oklahoma A&M katika miaka ya 1940 kama Mikan alivyochezea chuo chake, alimzidi urefu. Tena, wakati huo makocha wengi waliwaona watu warefu kuwa wazito na wazembe, wasiofaa kwa mchezo wa mbio.

Mikan mwenyewe, aliyezaliwa Joliet katika jimbo la Illinois mwaka 1924, aliingia Chuo Kikuu cha DePaul mjini Chicago akiwa na miwani minene na miguu isiyomtii. Kocha Ray Meyer alimrukisha kamba, akamfundisha ndondi, na hata akamtafutia mafunzo ya dansi ili mwili ule mkubwa ujifunze wepesi. Juu ya hayo alimpa zoezi la kusimama chini ya kikapu na kufunga kwa mkono wa kulia, kuudaka mpira kabla haujagusa sakafu, kisha kufunga kwa mkono wa kushoto upande wa pili, na kurudia hivyo mara nyingi kila siku. Zoezi hilo linaitwa kwa jina la Mikan hadi leo, na vijana wanaolifanya, wafupi kwa warefu, ndio jibu langu kwa wenzako.

Matunda yake yalionekana mapema. Katika mashindano ya vyuo ya NIT ya mwaka 1945 alifunga pointi 53 katika mchezo mmoja, na DePaul ikatwaa ubingwa. Aliingia katika mchezo wa kulipwa na timu ya Chicago American Gears, akashinda nayo ligi ya NBL mwaka 1947. Mwenye timu hiyo alipoanzisha ligi yake mwenyewe, ambayo ilisambaratika baada ya majuma machache, Mikan aliangukia Minneapolis. Huko aliongoza Lakers kutwaa ubingwa wa NBL mwaka 1948, wa ligi ya BAA mwaka 1949, na wa NBA, ligi iliyotokana na kuungana kwa hizo mbili, mwaka 1950 na kisha mara tatu mfululizo kuanzia mwaka 1952.

Kipimo bora zaidi cha uwezo wake, kwa maoni yangu, ni sheria zilizobadilishwa. Mwaka 1944 vyuo vya Marekani vilipiga marufuku kuuzuia mpira unaposhuka kuelekea kikapuni, kwa sababu yake na Kurland. Mwaka 1951 NBA ilipanua eneo lililo mbele ya kikapu kutoka futi 6 hadi futi 12, ili asimame mbali zaidi na kikapu, lakini aliendelea kufunga. Tarehe 22 Novemba 1950, timu ya Fort Wayne Pistons, ikicheza na Lakers, ilikaa na mpira mikononi bila kuurusha ili kumnyima nafasi, ikashinda kwa pointi 19 kwa 18, na katika hizo 18 za Lakers Mikan alifunga 15. Michezo ya kuchosha namna hiyo ndiyo iliyozaa sheria ya sekunde 24, inayoilazimisha timu kurusha mpira kikapuni ndani ya muda huo, mwaka 1954, mwaka uleule alipostaafu kwa mara ya kwanza.

Kuhusu maisha yake ya baadaye: alirudi uwanjani kwa muda mfupi msimu wa 1955-56, akafundisha Lakers bila mafanikio, kisha akafanya kazi ya uanasheria, kwani alikuwa na shahada ya sheria. Mwaka 1967 akawa kamishna (yaani msimamizi mkuu) wa kwanza wa ABA, ligi mpya iliyotumia mpira wa rangi nyekundu, nyeupe na buluu pamoja na mstari wa pointi tatu, ambao aliyefunga kutoka nje yake alipata pointi tatu badala ya mbili. Uzeeni kisukari kiliharibu figo zake na kusababisha akatwe mguu, huku akipigania pensheni bora kwa wachezaji wa kizazi chake, ambao walipata malipo madogo sana kutoka kwa ligi waliyoijenga. Alifariki tarehe 1 Juni 2005, na gharama za mazishi zilibebwa na Shaquille O'Neal, nyota mrefu wa NBA wa kizazi cha baadaye.