Ukiulizwa "stripi resho" kwenye usaili, usikariri

Juzi dada mmoja kaniandikia inboksi: "Kaka, shikamoo. Wiki ijayo nina usaili hapa Dodoma, kampuni ya makaa ya mawe. Hivi stripi resho ni nini hasa?" Marahaba. Najua mko wengi mnaozunguka Mtumba na bahasha za kaki, kwa hiyo nawajibu wote.

Ni kiasi cha kifusi unachoondoa ili upate tani moja ya makaa kwenye mgodi wa wazi. Tuseme tabaka la makaa lina unene wa mita 3, na juu yake kuna mita 20 za udongo na mwamba. Katika kila mita moja ya mraba utatoa mita za ujazo 20 za kifusi, upate mita za ujazo 3 za makaa, ambazo ni kama tani 4. Basi, gawa 20 kwa 4: mita za ujazo 5 za kifusi kwa tani 1 ya makaa, yaani 5 kwa 1.

Mimi darasani niliandika tu notsi. Nilielewa nikiwa fildi Mbinga. Wenzangu walishinda ofisini kwenye kiyoyozi, mimi nikashinda shimoni na opereta wa ekskaveta, mpaka wakanibatiza "utingo". Yule mzee hakuwa na fomula. Kila lori la kifusi likiondoka alisogeza kijiwe kimoja pale kwenye dashibodi. Vijiwe vikiisha upande mmoja na makaa hayajaonekana, anasonya: "Leo tajiri analia."

Siku ya usaili wangu, swali likaja lile lile. Nikauliza kwanza, "Kifusi tunakipima kwa mita za ujazo au kwa tani?" Maana mwamba wenye tani 2.5 kwa mita ya ujazo unaigeuza ile 5 kuwa 12.5. Mwenyekiti wa jopo akaweka kalamu chini. Kazi nikapata, na wale wa kiyoyozi leo wananiomba koneksheni. Utingo huyo huyo!

Vijana, shukeni shimoni. Kaeni na mafundi, waulizeni, vumilieni vumbi.

Na wewe dada, jiandae kwa swali la nyongeza: tabaka likizidi kuinama, kifusi kinaongezeka kwa kila tani, mpaka gharama ya kukiondoa inameza bei ya makaa yenyewe. Hapo shimo la wazi linasimama, au mnaanza kuchimba chini kwa chini. Beba kikokotoo.