Sampo ya Injini ya Zamani: Maswali Yenu Kuhusu Kuirudisha Isivuje

Wenye magari ya michezo ya zamani wananiuliza mambo mengi, lakini mwezi huu karibu kila swali limeishia chini ya injini. Watu wanafungua sampo, lile bakuli la oili lililo chini kabisa ya injini, vizuri, wanasafisha vizuri, kisha wanairudisha vibaya. Nimechagua maswali yanayojibu na mengine, na mengi yanahusu Datsun 240Z, gari lililochukua Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973 na ambalo bado lina wapenzi wengi huku kwetu.

Shikamoo fundi. Nina 240Z ya 1972. Nimebadilisha gasketi ya sampo, siku ya pili ikaanza kuvuja. Nikakaza tena boliti, ikazidi. Nikakaza zaidi, sasa inadondosha kabisa. Nakosea wapi? – Msomaji, Nyali

Marahaba. Kosa liko hapo uliposema umekaza tena.

Sampo ya gari lako ni bati lililokunjwa, na ukingo wake ni mwembamba. Boliti zake ni M6, zile za spana namba 10, na gasketi ya koki, ile inayoziba kati ya sampo na bloki (mwili wa injini), ni laini kama kizibo cha chupa. Ukikaza kupita kiasi, bati linabonyea pale penye tundu na kuvutwa kuelekea kwenye bloki. Katikati ya boliti mbili linabaki limejipinda kwenda chini. Oili haipiti penye boliti, inapita hapo katikati. Kila unapoongeza kukaza, unazidi kuifungulia njia. Ukija kuweka gasketi mpya juu ya ukingo uliokwisha kubonyea, itavuja siku hiyohiyo hata kama ni ya bei kubwa.

Mimi nilifundishwa hili kwa aibu. Sampo ya kwanza niliyoifunga peke yangu niliikaza mpaka boliti moja ikakatika, na mwenye gari akarudi baada ya siku tatu. Mzee aliyekuwa akinifundisha hakunigombeza. Aliitoa sampo, akaigeuza juu ya meza, akaweka rula ya chuma juu ya ukingo, akawasha tochi upande wa pili. Mwanga ukapenya chini ya rula: rula imesimama juu ya vijivimbe vya matundu, na kati ya tundu na tundu kuna upenyo. Akaniambia nihesabu mianya. Nilihesabu upande mzima.

Fanya hivyohivyo. Osha ukingo kwa petroli au thina mpaka ubaki bati tupu. Weka kipande cha mbao ngumu au chuma bapa chini ya ukingo, upande wa vichwa vya boliti. Gonga kila kijivimbe kutoka upande wa gasketi kwa nyundo ndogo, taratibu, ukipima kwa rula kila baada ya mapigo machache. Inaweza kukuchukua saa nzima. Hakuna saa utakayoitumia vizuri zaidi katika kazi hii.

Ukifunga, anzia katikati ya sampo, nenda kulia na kushoto kwa kupishana mpaka uzifikie pembe, mizunguko mitatu. Mzunguko wa kwanza ni kwa vidole tu. Wa mwisho usizidi nyutoni mita 10, kipimo cha nguvu ya kukaza. Kuanzia 6 inatosha. Kama huna spana ya kupimia, tumia spana fupi ya 10 na uishike karibu na kichwa chake kwa vidole viwili. Ukiona koki inatokeza nje kama ulimi, umeshapita.

Kaka, mimi naona gasketi ni shida bure. Si napaka silikoni tu nyingi, nafunga? Magari mapya mengi hayana gasketi ya sampo. – Msomaji, Mwanza

Ni kweli magari mapya mengi yanafungwa kwa silikoni peke yake, lakini ukingo wa sampo zake umetengenezwa kwa ajili hiyo, na kiwandani mashine inapaka uzi mmoja wa unene uleule mwanzo hadi mwisho. Injini yako ilitengenezwa kwa gasketi.

Na hiyo "nyingi" ndiyo inayonitisha. Silikoni unayoiona imeminywa nje, jua kwamba nyingine kiasi hichohicho imeminywa ndani. Ya nje ni uchafu tu. Ya ndani inaning'inia juu ya oili ya moto, siku moja inakatika, na pampu inaivuta. Nimefungua sampo nikakuta wavu wa strena, chujio ambalo pampu inavutia oili, umefunikwa na nyuzi nyekundu zilizosokotana kama minyoo, na presha ya oili ya gari hilo ilikuwa ikishuka kila linapokimbia sana. Mwenyewe alikuwa ameambiwa abadilishe pampu. Pampu haikuwa na kosa lolote.

Paka utando mwembamba upande wa sampo ili gasketi ikae mahali pake, upande wa bloki uache mkavu. Hivyo hata siku ya kufungua tena hutaikwangua kwa patasi. Silikoni ya kuonekana iwe sehemu nne tu, nazo nazieleza hapa chini.

Fundi, yangu inavuja nyuma tu, pembe mbili za karibu na gia boksi. Ukingo nimeunyoosha. – Msomaji, Moshi

Hizo ni mbili kati ya zile nne. Tazama bloki ya 240Z ikiwa imegeuzwa: sampo haikai juu ya kipande kimoja cha chuma. Mbele inakaa juu ya kava ya taiming, kifuniko cha mbele ya injini, nyuma inakaa juu ya kofia ya bearing ya mwisho ya krankshafti, kile chuma kinachoishika krankshafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) kwenye bloki. Pale kava inapokutana na bloki, kulia na kushoto, na pale kofia inapokutana na bloki, kulia na kushoto, kuna ufa na tofauti ndogo ya kimo ambayo koki haiwezi kuijaza. Weka tone la silikoni kila pembe, kiasi cha punje ya mahindi, ulisukume kwa kidole liingie kwenye ufa, kisha funga sampo kabla halijaanza kukauka.

Lakini nyuma kuna jambo jingine. Kofia ile ina sili mbili za mpira ubavuni, zinazosimama wima kati yake na bloki. Injini ikishawahi kufunguliwa na mtu akazisahau, au zimekauka zikawa ngumu kama plastiki, oili inateremka ubavuni mwa kofia na kutokea palepale kwenye pembe ya sampo. Utalaumu gasketi ya sampo mpaka uzeeke. Angalia pia ndani ya nyumba ya klachi: oili ikionekana humo, sili kubwa ya krankshafti imechoka, na dawa yake si sampo.

Waliokuwa na Datsun 160J au 180B wataitambua kazi hii, kwa sababu injini zake za silinda 4 ni za ukoo huohuo.

Nimenunua gasketi ya koki imekaa dukani miaka, matundu hayalingani na ya sampo. Niirudishe? – Msomaji, Nakuru

Usiirudishe bado. Koki ikikauka inasinyaa. Ilaze kwenye maji ya vuguvugu usiku kucha, asubuhi ipanguse, uipange upya juu ya sampo. Mara nyingi inarudi. Ikipasuka unapoikunja, hapo imekwisha.

Injini yangu ni ya MGB. Katika boksi la gasketi nimekuta vipande viwili virefu na vijiti viwili vya koki vya ziada. Vijiti ni vya nini, na nivikate vilingane? – Msomaji, Muscat

Usivikate vilingane! Vijiti hivyo vinaingia kwenye mifereji ya kofia za bearing, kimoja mbele na kimoja nyuma, pale sampo inapojikunja kupisha krankshafti. Vikiwa vimekaa kwenye mfereji, ncha zake zinatakiwa zitokeze juu ya uso wa bloki kama milimita moja na nusu kila upande. Sampo ikibanwa, ncha hizo zinasukumwa chini na koki inajaa mfereji wote. Ukizikata sawasawa na uso, hakuna kitakachoisukuma, na itavuja. Ukiziacha ndefu mno, sampo itasimama juu yake na vipande vya pembeni havitabanwa.

Tone dogo la silikoni panapokutana kijiti na kipande kirefu. Kaza kama nyutoni mita 8. Na kumbuka boliti za gari hili ni za vipimo vya inchi. Spana ya milimita itazila vichwa.

Tunamtayarishia mteja Porsche 911 ya 1974 kwa mbio za Safari Classic. Haina sampo ya bati, ina kibao cha mviringo chini chenye nati 8. Tuwe waangalifu na nini? – Gereji moja, Nairobi

Na mambo matatu. Gasketi ni mbili, si moja: strena inakaa katikati yake kama nyama kati ya vipande vya mkate. Strena ina tundu la kupokea bomba la pampu, kwa hiyo izungushe mpaka bomba liingie lenyewe. Msiilazimishe kwa kukaza nati. Na bloki ya mwaka huo ni ya magnisiamu. Meno ya stadi, zile boliti zisizo na kichwa zinazofungwa nati, ndani ya magnisiamu hayasamehe mkono mzito, kwa hiyo mkono uwe ule wa boliti ya M6, na washa, vile vipete vya chini ya nati, zote ziwe mpya.

Mkimaliza, msipime oili injini ikiwa baridi. Oili ya 911 inakaa kwenye tangi lake pembeni, si chini ya injini. Pimeni gari likiwa tambarare, injini ya moto, na ikiunguruma. Wengi wamepima baridi, wakaona dipstiki kavu, wakaongeza mpaka ikafurika.

Fundi, boliti moja ya sampo inazunguka bure, meno ya kwenye bloki yamelika. Naweza kuiacha? – Msomaji, Tabora

Ukiiacha, jirani zake mbili zitabebeshwa kazi yake na utarudi kwenye ukingo uliopinda. Weka helikoili ya M6, kile kizingo cha waya kinachotoa meno mapya ndani ya tundu. Kwa kuwa unatoboa kutoka chini, mabaki ya chuma yanakuangukia usoni: vaa miwani, na paka grisi kwenye keekee ili yanase humo. Gari lisimame juu ya stendi, si juu ya jeki peke yake. Hilo sitalirudia kwa upole.

Nimefuata yote, gasketi ni ya tatu, sampo imenyooka kama meza. Bado asubuhi nakuta tone chini. – Msomaji, Dar es Salaam

Basi huenda sampo haina hatia. Oili inashuka, sehemu yoyote ya juu ikivuja, tone litaishia kwenye boliti ya chini kabisa ya sampo. Kwenye 240Z angalia kava ya valvu, kitako cha pampu ya petroli kilicho kulia upande wa mbele, na gasketi ya pampu ya oili. Hakikisha pia bomba la pumzi ya injini halijaziba, maana likiziba, presha ya ndani inaisukuma oili itoke popote penye udhaifu.

Osha injini yote kwa degrisa, ikaushe, kisha ipulizie poda ya mtoto ubavuni na kwenye ukingo wa sampo mpaka iwe nyeupe. Endesha dakika ishirini. Paki juu ya karatasi, ingia chini na tochi, ufuate mstari wa kahawia kwenye ule weupe, kutoka chini kwenda juu, mpaka unapoanzia.