Mchungaji chini ya mti: nilivyojifunza kuzitazama chapa za karne ya 17

Mkuu, umeuliza kwa nini chapa nyingi (picha zilizochorwa kwenye bamba la shaba, likapakwa wino na kukandamizwa kwenye karatasi) za enzi ya Baroko, mtindo wa sanaa wa Ulaya wa karne ya 17, zina wachungaji waliokaa tu kivulini, mifugo inakunywa maji, hakuna anayefanya kazi, na kama hayo ni mapambo ya ukutani basi. Hata mimi niliyaona hivyo mpaka nilipoanza kuchora kwenye bamba la shaba kwa mikono yangu.

Bamba hupakwa nta, likafukizwa moshi mpaka liwe jeusi. Unachora kwa sindano, kisha unalitia kwenye tindikali ile mistari iliwe. Dakika chache zinakupa mstari mwembamba. Ukitaka kivuli, unaziba sehemu nyepesi kwa vanishi na kulirudisha. Bamba langu la kwanza lilikuwa mti mmoja na mbuzi wawili. Nililichelewesha kwenye tindikali. Mistari ya majani ililika ikaungana, nikatoa doa jeusi tupu. Nilikaa nalo mkononi muda mrefu, nikiwaza juu ya wale waliotengeneza vivuli vya kupumzikia mtu.

Baadaye nilikwenda chumba cha kusomea chapa na michoro pale British Museum, London. Unaweka miadi, hulipi kitu. Niliomba Le Bouvier, yaani Mchunga Ng'ombe, aliyoitengeneza mchoraji wa mandhari Claude Lorrain huko Roma mwaka 1636. Ni ndogo, upana wake kama sentimita 20. Ng'ombe wanavuka maji ya kina kifupi, mchungaji ameketi na filimbi yake. Niliinama mpaka pua ikakaribia karatasi: majani ni vijistari vilivyopindapinda, vimerundikana hadi kivuli kikawa kizito, na kati yake ameacha matundu. Mwanga wote ule ni karatasi isiyoguswa na wino!

Turudi kwenye mapambo. Claude alikuwa mtu wa Lorraine, eneo ambalo leo liko mashariki mwa Ufaransa. Mwaka 1633 majeshi ya Ufaransa yaliingia huko, na mwaka huohuo Jacques Callot, mtengeneza chapa mzaliwa wa Nancy, mji wa hukohuko Lorraine, alitoa chapa zake za maafa ya vita. Mojawapo ina mti mkubwa, na matawini wananing'inia watu walionyongwa. Miaka mitatu baadaye Claude anachora mti ambao mtu ameketi karibu nao akipiga filimbi. Sidai kwamba alikuwa anamjibu Callot. Ila tangu nizione zote mbili, siwezi tena kuiita ile filimbi pambo.

Tafuta pia chapa ya Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, ya mwaka 1644 hivi: mzee mchungaji amelala fofofo, vijana wawili wanabembelezana karibu yake.

Ukienda kuziona, anza na sehemu ya mbali ya picha. Shaba huchakaa kwa kufutwa wino na kupitishwa kwenye mashine mara nyingi, na mistari myembamba ndiyo hutangulia kupotea. Ukikuta miti ya mbali imefifia na anga limebaki jeupe, hilo bamba lilikuwa limechoka. Omba wakuletee nakala iliyochapwa mapema zaidi.