Ukishaongeza matiti, mikono ndiyo itakayokusumbua

Wadada wengi wananifuata inboksi na swali moja: hivi kunauma kiasi gani? Kunauma, sidanganyi. Siku za kwanza kifua kinabana kana kwamba mtu amekukalia, hasa vipandikizi, yaani vile vifuko vya kukuza matiti, vikiwekwa chini ya msuli kama vyangu. Lakini maumivu yana dawa. Kisicho na dawa ni kukaa bila mikono: hufiki kabatini, huvuti mlango mzito, hata kilemba hujifungi. Ndiyo maana maandalizi yangu karibu yote niliyafanya nikiwaza mikono.

Anza na nywele. Kasuke twende kilioni kabla ya operesheni, basi, mambo ya kuchana usahau. Kucha bandia toa, maana kifaa cha kupimia oksijeni kinabanwa kidoleni. Halafu zunguka nyumba nzima: sukari, vikombe, chaja, dawa, vyote vishushe usawa wa kiuno. Kama unaoga kwa ndoo, iweke juu ya kigoda imara, tumia kopo dogo, na maji ajaze mtu mwingine. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na mimi niliambiwa kwa wiki za mwanzo nisinyanyue kinachozidi kilo mbili.

Nguo nazo zina mitego. Dera limepwaya, sawa, lakini linavaliwa kwa kupitishwa kichwani. Kanga tumezoea kuifunga kifuani, na lile fundo linakandamiza palepale palipovimba. Tafuta mashati na magauni ya vifungo mbele, kanga ishuke kiunoni. Sidiria ya operesheni inakaa mwilini usiku na mchana, na kwa joto la Dar huo ni mtihani, kwa hiyo nunua mbili. Zenye waya weka pembeni mpaka daktari aruhusu.

Kulala ni chali, kifua kikiwa kimeinuka. Watu wanapanga mito mgongoni wanasahau wa chini ya magoti, na huo ndio unaokuzuia usiteleze kitandani usiku. Wakati wa kuamka, msaidizi asikuvute mikono. Mdogo wangu alikuwa anapitisha mkono nyuma ya mgongo wangu, mimi nasukuma kwa miguu. Swala nilikuwa naswali nimekaa kwenye kiti.

Sasa lile ambalo watu wanaona aibu kulisema: choo. Dawa kali za maumivu kama tramadol na codeine zinafunga choo, na kujikamua na kifua kile, we acha tu. Kunywa maji, kula papai, na omba dawa ya kulainisha choo kabla hujaruhusiwa kwenda nyumbani. Za maumivu meza kwa saa ulizopangiwa, usingoje yapande. Aspirini na baadhi ya dawa za asili zinaongeza kuvuja damu, kwa hiyo daktari ajue kila unachomeza, hata vidonge vya kitunguu saumu. Shisha na sigara acha kabisa. Nikotini inabana mishipa midogo ya damu, kidonda kinachelewa kupona.

Tembea taratibu ndani ya nyumba tangu siku ya kwanza, damu isigande miguuni. Usiendeshe gari wakati bado unatumia dawa za usingizi-usingizi, wala kama huwezi kukata usukani ghafla. Wageni wa pole waambie umefanyiwa operesheni ya kifua na hakuna kukumbatiana. Operesheni gani? Hilo halimhusu mtu.

Kioo kitakutisha. Matiti yatakuwa juu, magumu, pengine moja limezidi jingine. Yanashuka na kulainika kwa wiki na miezi. Chuchu kuwa na ganzi au kuchomachoma ni kawaida. Isiyo ya kawaida ni titi moja kuvimba ghafla na kukaza kuliko jenzake, homa ya nyuzi 38 kwenda juu, usaha, kigimbi kuuma au pumzi kukata. Hapo hakuna kusubiri asubuhi. Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri, gusa usikie kama pana joto.

Mwisho, dai kadi ya vipandikizi, yenye jina la mtengenezaji na namba zake, uipige na picha. Mwaka 2019 kampuni ya Allergan iliondoa sokoni duniani kote vipandikizi vyake vya uso wa kukwaruza, kwa sababu vilihusishwa na aina adimu ya saratani ya limfu. Bila kadi, ungejuaje kama vyako vimo? Tena silikoni inaweza kupasuka ndani usisikie chochote, ndiyo maana FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, inashauri kipimo cha ultrasaundi au MRI kati ya mwaka wa 5 na wa 6, kisha kila baada ya miaka 2 hadi 3. Unapopiga hesabu ya gharama za operesheni, na hiyo iweke humo.