Maswali ya Wasomaji: Bajeti Iliyosawazishwa, Deni Lisiloonekana

SWALI: *Ndugu Mhariri, ninaishi Marekani na ninalipa kodi ya jimbo kila mwaka. Gavana wetu hutangaza kwamba bajeti imesawazishwa, kwa kuwa katiba ya jimbo hairuhusu nakisi. Miezi michache baadaye tunasikia kuwa mfuko wa pensheni za walimu una pengo la mabilioni ya dola. Yote mawili yanawezaje kuwa kweli?*

JIBU: Ndugu msomaji, yote mawili ni kweli, na fumbo limejificha ndani ya neno "kusawazishwa".

Majimbo ya Marekani karibu yote, Vermont ikiwa ndiyo inayotajwa daima kuwa nje ya kundi hilo, yana sharti la namna fulani la kusawazisha bajeti. Mizizi yake ni ya zamani. Mnamo 1841 na 1842 majimbo manane, yakiwemo Indiana, Illinois, Maryland na Pennsylvania, yalishindwa kulipa madeni ambayo mengi yalikopwa kwa ajili ya kuchimba mifereji ya usafiri, kujenga reli na kuanzisha benki. Baada ya aibu hiyo majimbo mengi yaliingiza katika katiba zao vifungu vya kuwafunga mikono wabunge wasikope ovyo. Shida ni kwamba sharti la bajeti huangalia zaidi fedha zinazoingia na kutoka ndani ya mwaka mmoja, wala halihesabu ahadi ambayo jimbo limekwisha kuitoa na litailipa baadaye.

Tazama lililofanyika California. Katika msukosuko wa kiuchumi wa 2009, mwezi Julai, jimbo lilifikia hatua ya kuwapa wadai wake hati za ahadi ya malipo badala ya hundi za kawaida. Katika mwaka huohuo iliamuliwa kwamba mishahara ya wafanyakazi wa jimbo iliyopaswa kulipwa tarehe 30 Juni 2010 ilipwe tarehe 1 Julai. Mwaka wa fedha wa California huisha tarehe 30 Juni. Kwa hiyo kwa kusogeza malipo siku moja tu, mishahara ya mwezi mzima ilihamia katika vitabu vya mwaka uliofuata, ingawa kazi ilikuwa imekwisha kufanyika na hakuna dola hata moja iliyookolewa. Arizona nayo, Januari 2010, ilipata dola milioni 735 kwa kuuza majengo ya serikali, yakiwemo yale ya mabaraza ya bunge lake, kisha ikabaki humohumo kama mpangaji. Fedha za mauzo zilihesabiwa kuwa mapato, na kodi ya pango ikaachiwa miaka ya mbele.

Pensheni ndipo mahali ambapo mwanya huo umeleta hasara kubwa kuliko pote. Mwalimu anayefundisha leo anajipatia leo haki ya malipo ya uzeeni, lakini bajeti huona tu kile ambacho bunge limeamua kuweka katika mfuko mwaka huu. Sheria ya Illinois ya 1994 iliweka lengo la kuujaza mfuko kwa asilimia 90 ifikapo 2045, ikapanga michango midogo mwanzoni na mizito baadaye, na bajeti zikaendelea kuitwa zilizosawazishwa huku pengo likipanuka. Mnamo 2010 tume ya shirikisho inayosimamia masoko ya mitaji iliishtaki New Jersey, jimbo la kwanza kushtakiwa nayo, kwa kuwaficha wanunuzi wa hatifungani, yaani hati ambazo jimbo huziuza ili kukopa fedha, hali ya pensheni zake katika mauzo ya zaidi ya dola bilioni 26 kati ya 2001 na 2007. Illinois ilifuata 2013. Majimbo yote mawili yalimaliza mashauri hayo bila kukiri wala kukana kosa. Linaloniuma ni kwamba mnunuzi wa hatifungani alikuwa na chombo cha kumtetea apewe taarifa kamili, lakini mwalimu na mlipakodi, ambao ndio watakaobeba mzigo, hawakuwa na chao.

SWALI: *Kwa nini basi majimbo yote yasiige Colorado, yaweke dari ya matumizi ambayo serikali haiwezi kuivuka?*

JIBU: Dari ya Colorado ina nguvu kweli, na sitaki kuidharau. Tangu wapiga kura walipoipitisha 1992, mapato ambayo jimbo linaruhusiwa kubaki nayo huongezeka kwa kadiri ya mfumuko wa bei na ongezeko la watu tu. Kinachozidi hurudishwa kwa wananchi, na kodi haiwezi kupandishwa bila kura yao. Mnamo 2022 kila mlipakodi aliyestahili alirudishiwa dola 750.

Hata hivyo dari huzuia kile tu inachokihesabu. Fedha za shirikisho hazimo. Vyombo vya umma vinavyojiendesha kwa ada navyo havimo, na ndiyo sababu 2017 ada zinazotozwa hospitali zilihamishiwa katika chombo cha aina hiyo, zikatoka chini ya dari. Mwananchi aliyefurahi kwamba kodi haikupanda huenda asitambue kwamba ada ndiyo iliyopanda. Tena, uchumi ulipozorota mwanzoni mwa miaka ya 2000, dari ilishuka pamoja na mapato na haikuruhusiwa kurudi ilipokuwa hata uchumi ulipopona. Mnamo 2005 wapiga kura walilazimika kuiondoa kwa miaka mitano. Mimi naunga mkono ukomo wa matumizi, lakini jimbo linaloweka ukomo kabla ya kuanika hesabu zake zote linawafundisha watendaji wake mahali pa kuficha.

SWALI: *Jimbo letu lina tovuti inayoonyesha kila malipo ya serikali. Je, hiyo haitoshi?*

JIBU: Ni hatua ya maana. Missouri ilifungua tovuti ya namna hiyo 2007, na Ohio ikafungua yake 2014, ambapo mtu yeyote anaweza kutafuta malipo kwa jina la idara au la kampuni iliyolipwa. Lakini tovuti hiyo, kama daftari la hundi, huonyesha kilicholipwa, na hatari huwa katika ambacho hakijalipwa.

Illinois ilikaa bila bajeti kamili kuanzia Julai 2015 hadi Julai 2017, na mwishoni mwa 2017 bili zisizolipwa zilikuwa zimepita dola bilioni 16. Zilizochelewa kupita muda wa kisheria zilitozwa nyongeza ya asilimia 1 kwa mwezi, fedha ambazo hazikumnunulia mgonjwa dawa wala mwanafunzi kitabu. Sehemu ya bili hizo ilikuwa bado imekaa ndani ya idara, haijapelekwa kwa mdhibiti wa fedha wa jimbo, ambaye ndiye mlipaji, na sheria ya wakati huo ilizitaka idara zimpe taarifa mara moja tu kwa mwaka. Mwaka 2017 bunge lilitengua kura ya turufu ya gavana na kupitisha sheria inayozilazimu idara kuripoti kila mwezi bili zilizo mikononi mwao pamoja na riba inayokadiriwa. Sheria hiyo haikupunguza matumizi hata kwa dola moja, lakini bila taarifa yake hakuna bunge linaloweza kujua lipunguze wapi.

Kwa hiyo, baada ya kuitazama tovuti, itafute ripoti ya mwaka ya fedha iliyokaguliwa ya jimbo lako. Soma ukurasa unaolinganisha mali na madeni yote, pensheni zikiwemo, kisha maelezo ya misamaha ya kodi iliyotolewa kwa makampuni, ambayo kanuni za uhasibu za serikali, zilizoongezwa 2015, zinataka yatajwe. Ripoti hiyo huchelewa kutoka, na katika majimbo mengine huchelewa sana. Ikiwa ya kwenu haijatoka wakati bunge linajadili bajeti mpya, mwandikie mbunge wako na umwulize anapiga kura akitegemea hesabu za mwaka gani.